Kutoka Kilwa hadi Le Morne, mlima wenye geti

Jumatano: uwanja wa ndege hadi La Gaulette

Mauritius iko mbele yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo mwili haukuwa na kisingizio cha kuchoka. Tulitua kwenye kijua chepesi cha kipupwe, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi magari wa Temeke ambaye kabla ya safari hii alikuwa hajapanda kitu kirefu kuliko ghorofa za Kariakoo. Yeye ndiye aliyeshikilia tuje. Aliiona picha ya Le Morne kwenye simu, jabali jeusi limesimama juu ya maji ya kijani, akaniambia, "Shem, hapa lazima tufike." Mimi nilikuwa na sababu yangu nyingine, nayo nitaieleza kwenye Ijumaa, kwa kuwa siku hiyo mvua ilinyesha na hatukuwa na kazi ila kuzungumza.

Wenye haraka hukodi gari palepale uwanjani. Sisi tulipanda mabasi: moja hadi Curepipe, ambako kuna baridi ya kukufanya utafute sweta, jingine hadi Quatre Bornes, na la tatu linaloteremka kwenda pwani ya kusini-magharibi kuelekea Baie du Cap. Njia nzima ni miwa. Katikati ya mashamba kuna marundo makubwa ya mawe meusi, mengine yamepangwa kwa ustadi hadi yakawa na pembe. Kisiwa hiki ni cha volkano na ardhi yake imejaa mawe, kwa hiyo kabla ya kupanda muwa ilibidi yaokotwe moja moja kwa mkono, na waliyaokota watumwa, kisha vibarua wa mkataba kutoka India waliofuata baada yao. Basi linapita, watu wanasinzia, hakuna anayeyatazama. Shemeji aliyatazama sana. Alijaribu kukadiria ni lori ngapi, akaacha.

Quatre Bornes tulikula dholl puri, chapati nyembamba yenye unga wa dengu ndani, inayouzwa mbili mbili na kujazwa mchuzi wa maharage, nyanya na achari. Ukiwa na njaa, tano au sita si ulafi. Pia wana bagia zile zile za dengu tunazozijua, ila pilipili yake haina huruma.

Basi la tatu lilipoacha Rivière Noire na kuanza kuifuata bahari, mlima ukajitokeza mbele. Le Morne Brabant umesimama peke yake kwenye ncha ya rasi, pande zake karibu zote ni magenge yaliyokwenda juu wima, na kichwani ni bapa. Urefu wake ni mita 556 tu. Mtu wa Moshi anaweza kucheka. Lakini mita hizo zinaanzia usawa wa bahari, na ukiutazama kutoka La Gaulette huoni mahali ambapo binadamu angepitia.

Mama mwenye nyumba tuliyofikia alitupa chai, akauliza viatu vyetu viko wapi. Si kwamba aliogopa tope sakafuni. Alitaka kuona soli. Zangu alizikubali. Za shemeji, raba nyeupe za matembezi ya Jumapili, alizigeuza, akazirudisha bila kusema neno.

Alhamisi: Piton de la Petite Rivière Noire

Kiongozi tuliyempata kwa simu, mvuvi wa hapahapa kijijini anayepandisha wageni wakati bahari ikichafuka, alitaka kwanza ajue tunatembeaje. Akatupeleka kwenye kilele kirefu kuliko vyote kisiwani, mita 828, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Black River Gorges. Kwa wazo lake, huu ni mlima wa kumpimia mtu: njia inafuata mgongo wa mlima kwa upole, vichaka vya mapera madogo mekundu pande zote, kisha mwisho kabisa inakuwa mkali ghafla na mnavutana kwa kamba zilizofungwa kwenye miti.

Mapera hayo yaliletwa kutoka Brazil na sasa ni balaa. Watu huyachuma kwa furaha, watoto wanarudi na midomo mekundu, na huku mti wa asili unakosa pa kuchipua. Mivinje ni michache huku juu, mianzi nayo michache, ila mapera yamejaa kila kona. Kiongozi alituonyesha pia mpingo mmoja mwembamba, akasema Waholanzi waliofyeka misitu ya namna hiyo kabla ya kuondoka mwaka 1710 ndio haohao waliokuwapo yule ndege dodo alipotoweka.

Tulimwona kozi wa Mauritius? Kiongozi anasema ndiye. Mimi niliona kivuli cha haraka juu ya korongo. Mwaka 1974 walikuwa wamebaki wanne tu wanaojulikana porini, kwa hiyo hata kivuli nakihesabu.

Shemeji aliteleza mara nyingi kwenye kamba za mwisho, lakini hakulalamika, na kileleni alijipiga picha nyingi kuliko idadi ya watu waliokuwapo. Tukiteremka, kiongozi alinivuta pembeni: mapafu yake mazuri, viatu vyake vibaya. Jioni shemeji akanunua viatu vilivyotumika kutoka kwa binamu yake kiongozi. Biashara imekwenda vizuri kwa kila mtu, nadhani ilipangwa hivyo tangu mwanzo.

Ijumaa: mvua

Usiku kucha bati lililia. Asubuhi kiongozi akapiga simu: leo hakuna kupanda, jiwe limelowa, na sehemu ya juu ikilowa hakuna mjadala. Le Morne ukuta wake ni basalti, jiwe jeusi la volkano. Ikiwa kavu inashika soli vizuri, ikipata maji inateleza na chini yako ni genge.

Basi tulikaa barazani, na shemeji akaniuliza kwa nini mtu wa Kilwa anatumia fedha zote hizi kuja kupanda kilima.

Nilimwambia hivi. Mimi nimekulia Kilwa Masoko. Ng'ambo ya maji ndiyo Kisiwani, na kwenye magofu ya Kisiwani kuna jumba la Makutani, kuta kubwa ambazo tukiwa watoto tulizipanda kutafuta mayai ya ndege. Tulifundishwa dhahabu ya Sofala, tukafundishwa Ibn Battuta alifika mwaka 1331, tukafundishwa Wareno waliuvamia mji mwaka 1505. Jina la Morice sikulisikia shuleni hata siku moja. Nililikuta ukubwani.

Jean-Vincent Morice alikuwa Mfaransa aliyefanya biashara kutoka kisiwa hiki hiki, wakati kikiitwa Isle de France. Tarehe 14 Septemba 1776 alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa, Hasan bin Ibrahim. Sultani aliahidi kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piastre 20, sarafu za fedha za wakati huo, na juu yake piastre 2 za zawadi kwa Sultani mwenyewe kwa kila kichwa. Mzungu mwingine yeyote asiuziwe mpaka Morice apate wake. Mkataba wa miaka 100.

"Elfu moja kwa mwaka," shemeji akasema. "Kutoka kwenu."

Kutoka kwetu, au wakipitia kwetu. Wengi waliteremshwa kutoka bara, nchi za Wayao, Wamakua na Ziwa Nyasa, hadi pwani. Mkono uliopokea fedha ndio uliokuwa wa Kilwa. Huo ndio ugumu ambao sisi watu wa mwambao tunauruka tukisimulia habari hizi. Tunapenda kusimama upande wa aliyefungwa, na wengine wetu tunao ukoo upande huo kweli. Lakini aliyeweka sahihi alikuwa na jumba lililotazama bandari yetu, na mimi nimecheza ndani yake.

Waliofikishwa huku walikuta sheria tayari. Mwaka 1723 mfalme wa Ufaransa alitoa amri kwa ajili ya Bourbon (Réunion ya leo) na Isle de France: mtumwa aliyetoroka kwa mwezi mmoja akatwe masikio na achomwe chapa ya ua la kifalme begani, akirudia, akatwe mshipa wa nyuma ya goti na achomwe chapa bega la pili, mara ya tatu, auawe. Pamoja na hayo walitoroka. Kisiwa hakina bara la kukimbilia, kwa hiyo walikimbilia juu. Na mlima wenye magenge pande zote, ambao mtu mmoja mwenye mawe anaweza kuulinda, ulikuwa ngome.

Waingereza waliteka kisiwa mwaka 1810. Biashara ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku kwenye makaratasi yao, ila majahazi yaliendelea kuja kwa siri, hadi mwaka 1822 gavana wa Mauritius, Robert Farquhar, alipomtuma Nahodha Moresby kwa Seyyid Said wa Oman na Zanzibar, wakatia sahihi kwamba watumwa wasiuzwe tena kwa Wakristo. Utumwa wenyewe ulifutwa hapa tarehe 1 Februari 1835. Waliolipwa fidia ni wenye watumwa, zaidi ya pauni milioni 2 kwa Mauritius peke yake. Waliokuwa watumwa walibaki "wanagenzi" kwa mabwana wale wale hadi mwaka 1839.

Na hapo ndipo kisa cha Le Morne kinapokuja. Watu wa hapa wanasimulia kwamba siku ya kufutwa utumwa, askari walitumwa mlimani kuwatangazia watoro kwamba wako huru. Watoro walipoona sare zinapanda, wakajua wamefuatwa, wakajirusha magengeni. Ni masimulizi ya mdomo, karatasi ya kuyathibitisha haijulikani, na wapo wanahistoria wanaoyatilia shaka. Kilicho na ushahidi ni kwamba watu waliishi huko juu: masalia ya maisha yao yamekutwa pangoni. UNESCO iliuingiza mlima kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Mvua ilikatika saa tisa. Tulikwenda chini ya mlima kwenye mnara wa Njia ya Watumwa, uwanja wa majani wenye sanamu za mawe zilizochongwa na wasanii wa nchi mbalimbali ambazo watu waliletwa kutoka kwao au wakapelekwa. Msumbiji ipo, Madagaska ipo. Watalii wawili walikuwa wakila sandwichi kwenye ukuta. Si mbali na hapo yamechimbuliwa makaburi ya zamani, na wataalamu wamekuta humo wengi ni watoto wachanga. Shemeji, ambaye ana mtoto wa miezi minane, alisema twende.

Jumamosi: juu

Simu ya kiongozi ilikuja saa nne usiku: kesho inawezekana. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa tunamsubiri barabarani na tochi, chai kwenye chupa na mikate.

Kuingia ni bure. Unaandika jina, nchi na saa kwenye daftari la mlinzi, naye anatazama viatu vyako kama mama mwenye nyumba. Wachelewaji hawaruhusiwi, kwa sababu alasiri kila mtu awe ameteremka. Nilipoandika "Tanzania" mlinzi akaniuliza kama ni kweli tunaishi na simba. Shemeji akamjibu kwamba Temeke wapo wawili, mmoja ni bosi wake.

Kilomita mbili za kwanza ni njia pana, msitu pande zote, mwinuko wa kuzungumza huku unatembea. Nyuma yetu jua lilianza kugonga vilele vya Black River. Unafika kwenye uwanda wa kutazamia, kama mita 260 juu ya bahari, na watu wengi wanaishia hapo kwa furaha kabisa: rasi yote chini, mwamba wa matumbawe umeichora bahari, ndani kijani, nje buluu ya kutisha.

Halafu kuna geti, na kibao kinachosema kwamba kuanzia hapa ni kwa hatari yako mwenyewe.

Shemeji alisimama akakisoma, akamgeukia kiongozi. "Yaani mlima wa watoro una geti?"

Kiongozi alicheka, lakini alijibu. Sehemu kubwa ya mlima ni mali ya watu binafsi. Kwa miaka mingi, kupanda bila ruhusa ya mwenye mali ilikuwa ni kuvamia, na waliopanda walifanya hivyo na kiongozi mwenye kibali au kwa kujificha. Njia ilifunguliwa kwa umma mwaka 2016 tu. Yeye mwenyewe, aliyezaliwa mlima ukiwa mbele ya mlango wao, utotoni aliujua kwa kuuibia. Babu zake waliishi kwenye kitongoji miguuni pa mlima kabla watu hawajahamishwa. Leo ufuo ule umejaa hoteli. Alilisema hilo bila kupandisha sauti, akiwa anakaza kamba za kiatu.

Mimi nilikuwa upande wa shemeji kuhusu geti, mpaka dakika ishirini baadaye.

Baada ya geti njia pana inakwisha. Inaanza kuwa mawe, kisha mizizi, kisha ukuta. Unapanda ukingo wa mlima kwa mikono na miguu, uso wako kwenye jiwe, na kila ukitafuta pa kuweka mguu unaona bahari katikati ya magoti yako. Kiongozi alikuwa na kanuni moja: viungo vitatu viwe jiweni, kimoja tu kihame. Hakusema zaidi. Kila mahali pagumu alipita kwanza, akageuka, akagusa jiwe kwa kidole: hapa, hapa, si hapa.

"Hii Kitonga ya miguu hii," shemeji akasema, na baada ya hapo kwa muda mrefu hakusema kitu.

Mahali pabaya kuliko pote ni bamba la mwamba lililoinama, lenye urefu wa watu watatu hivi, halina mti wa kushika. Limesuguliwa na viatu vya watu hadi linang'aa. Kijana mmoja Mzungu aliyekuwa na ndala za kamba alifika hapo, akalitazama, akageuka kurudi, namheshimu. Shemeji alipanda nusu, akakwama, akakumbatia jiwe.

"Shem," aliniita bila kugeuza kichwa. "Mwambie dada nilifika hapa."

"Dada yako hataki simulizi, anataka picha. Panda."

Kiongozi akateremka hatua mbili, akaweka kiganja chake chini ya soli ya kiatu kile cha binamu yake, akakibonyeza jiweni. "Simama," akamwambia. Alisimama. Kiatu kilishika. Akapanda iliyobaki kwa pumzi moja, akakaa chini, akaanza kucheka peke yake.

Ni juu kidogo ya bamba hilo ndipo kiongozi alipotuzuia kwa mkono, akatuelekeza pembeni ya njia. Kichaka kidogo, majani magumu yenye mgongo wa kijivu, na katikati yake ua jekundu lililoinama chini, na ndani ya ua tone la majimaji mekundu. Ndilo ua la taifa la Mauritius tangu mwaka 1992, Trochetia boutoniana, watu wa hapa wanaliita hereni. Porini limebaki kwenye mlima huu tu. Halikai mahali pengine duniani bila mtu kulipanda. Kulikuwa na vichaka vichache tu nilivyoweza kuviona, kimoja kiko hatua moja kutoka kwenye alama za viatu vya watu wanaotafuta pembe nzuri ya picha. Kuna na aina moja ya haibiskasi ambayo ipo hapa na kwenye mlima wa Corps de Garde, basi. Majimaji yale ya rangi, alisema kiongozi, ni ya kuwaita mijusi, ambao hapa ndio wanaofanya kazi ya nyuki.

Hapo nikaanza kulielewa geti, angalau nusu yake. Nusu ya pili, ile ya nani alimiliki nini na aliipataje, bado sijaielewa, na nadhani hata wao.

Njia inaishia kwenye msalaba wa chuma, kama mita 500. Kilele chenyewe kiko juu zaidi, nyuma ya ufa mkubwa uliokata mlima, na hakuna anayepelekwa huko. Watu wa hapa wanasema watoro walivuka ufa ule kwa gogo, wakalivuta kwao. Ukiwa umesimama msalabani unauona ule uwanda wa juu kwa macho, miti imejaa, ndege weupe wenye mikia mirefu myembamba wanazunguka chini yako, na huwezi kwenda. Nilikaa nikiutazama kuliko nilivyoitazama bahari. Bahari ni nzuri kweli, lakini yale "maporomoko chini ya maji" ya kwenye mitandao usiyatafute kutoka hapa. Ni mchanga unaoteremka kwenye kina na huonekana vizuri kutoka kwenye helikopta.

Tulikunywa chai. Kiongozi akaniuliza Tanzania natoka wapi hasa. Nikamwambia Kilwa, na kwa kuwa chai ilikuwepo na muda ulikuwepo, nikamweleza Morice, 1776, watu 1,000, piastre 20, na zile 2 za Sultani.

Alisikiliza hadi mwisho. Akasema kwao bibi yake alikuwa akisema tu "sisi ni Msumbiji", kwa sababu kila aliyetoka upande wetu wa bahari aliandikwa Msumbiji, hata kama alipakiwa Kilwa au Zanzibar. Kwa hiyo hajui. Huenda ni Kilwa, huenda si Kilwa. Kisha akanitazama kwa jicho moja lililofumba kwa jua.

"Ningejua jana," akasema, "nisingekupunguzia bei."

Shemeji alicheka hadi chai ikamtoka puani. Mimi nilicheka pia, baadaye kidogo.

Kuteremka ni kubaya kuliko kupanda, hilo halina hadithi. Kwenye lile bamba tuliteremka kwa makalio, na magoti yangu yananikumbusha ninapoandika. Saa sita na nusu tulikuwa getini, saa saba na robo tumetia sahihi kwenye daftari la mlinzi. Safari nzima, kupanda, kukaa na kuteremka, ilichukua kama saa sita. Vijana wanasema tatu zinatosha.

Kwa atakayekwenda: Julai hadi Septemba ni kipindi cha heri, hakuna vimbunga na jiwe mara nyingi ni kavu. Lita mbili za maji kwa mtu, juu hakuna hata tone. Glavu za fundi, shemeji alikuwa nazo mfukoni, zilisaidia kuliko nilivyotarajia. Usipande wakati kiongozi amesema hapana, hata kama mbingu ni buluu; anachokiangalia ni jiwe, si mbingu.

Jumapili: ufuoni

Jumapili ufuo wa wazi wa Le Morne ni wa wenyeji. Familia zinakuja na masufuria mazima, biriani, mchuzi wa pweza, mikeka chini ya mivinje. Kiongozi alitualika kwenye mkeka wa kwao. Mjomba wake alikuwa na ravanne, ngoma pana ya ngozi ya mbuzi, akaipitisha juu ya moto wa majani makavu hadi ngozi ikakaza na sauti ikapanda. Ukisikiliza séga, muziki wa asili wa kisiwa hiki, ya namna hii, ya ngoma, kayamba na pembetatu ya chuma, kiuno kinajua kabla ya kichwa. Huchezwa bila kunyanyua nyayo kutoka mchangani. Shemeji, ambaye jana magoti yalimgomea, alicheza hadi akina mama wakampigia vigelegele.

Mimi nilikaa na kiongozi nikimwonyesha picha za Kilwa kwenye simu. Makutani aliitazama kidogo, akapitisha. Msikiti Mkuu akapitisha. Alisimama kwenye picha moja niliyoipiga Kivinje bila kufikiri, mzee anapiga pweza kwenye jiwe ili alainike, ngalawa nyuma yake. Akaikuza kwa vidole viwili.

"Mnampata wa kilo ngapi?"

Nikamwambia wa kilo tatu, nne, enzi za baba yangu walikuwa wakubwa zaidi. Akasema na kwao hivyo hivyo, ndiyo maana serikali inafunga uvuvi wa pweza miezi miwili kila mwaka, kuanzia katikati ya Agosti. Nikamwambia Songosongo kwetu nao wamewahi kufunga, na walipofungua walipata wakubwa. Alitaka kujua walifunga kwa muda gani, nani aliyelinda, na walioiba usiku walifanywa nini. Sikuwa na majibu yote, kwa hiyo nikampa namba ya mjomba wangu wa Songosongo. Hadi tunapanda basi la kurudi Curepipe walikuwa wameshatumiana picha za madema.